Kumtafuta ndugu aliyevuka mpaka: sensa, vitabu vya kanisa au nyaraka za migodi?

Mjukuu_wa_Masoko
Wakuu, heshima kwenu. Kaka mkubwa wa babu yangu mzaa mama aliondoka Rungwe mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwenda Kopabelti, ukanda wa migodi ya shaba Zambia, na hakurudi. Barua yake ya mwisho ilitoka Kitwe. Babu ameshatangulia, ila mama bado anauliza kila sikukuu kama baba yake mkubwa aliacha watoto kule.

Tulichonacho ni jina la ubatizo, jina la ukoo, kijiji na chifu wa wakati ule. Wazee walikuwa Wamoravian. Miongozo ya mtandaoni inasema nianze na sensa. Mjomba anasema nipande TAZARA nikaulize huko huko migodini. Waliowahi kutafuta, njia ipi iliwapa jibu?

Mzee_wa_Gangilonga
Mjukuu, sensa iweke kando. Miongozo hiyo imeandikwa na watu wa nchi ambako karani aliandika jina la kila mtu ndani ya nyumba, kisha baada ya muda karatasi zikafunguliwa kwa umma. Uingereza husubiri miaka 100, ndiyo maana sensa yao ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72, na ya 1950 ikafunguliwa mwaka huo huo wa 2022.

Kwetu hali ni nyingine. Mwaka 1921 na 1931 Waafrika walihesabiwa kwa makadirio, kupitia machifu na orodha za kodi. Sensa za 1948 na 1957 zilikuwa na utaratibu mzuri zaidi, lakini utakachokuta humo ni jumla: Wanyakyusa wangapi, wilaya ipi. Ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kisheria. Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ndiko kugumu zaidi, maana Waafrika hawakuhesabiwa kikamilifu hadi 1963. Babu yako hutamkuta humo kwa jina.

Katibu_Parokia
Naunga mkono. Mimi nipo ofisi ya parokia, Iringa vijijini, na watu wanaokuja na swali kama lako ni wengi kuliko mnavyodhani. Kitabu cha ubatizo kina tarehe, jina, wazazi, kijiji, msimamizi na padri aliyebatiza. Lakini kwa mtu aliyehama, angalieni pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka Mkatoliki akifunga ndoa parokia nyingine, paroko wa huko atume taarifa parokia ya ubatizo, nayo iandikwe pale pale kando ya jina lake.

Alikuja dada mmoja akimtafuta babu yake. Tulifungua ukurasa uliokuwa umeanza kuwa na rangi ya chai. Maandishi ni ya Kilatini, mkono wa padri wa Kikonsolata (Waitaliano hawa walipokea Tosamaganga mwaka 1919, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani). Pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mdogo uliobanana: ndoa, Luanshya (mji wa Kopabelti), tarehe na jina la mke. Familia ilikuwa imeulizia Zambia kwa miaka mingi, na jina la parokia ya kwenda kuuliza lilikuwa hapa hapa Iringa.

Msije mkasema tu "tafuta jina hili". Njooni na mwaka wa kukadiria na majina ya wazazi. Vitabu vya zamani vimepangwa kwa tarehe ya ubatizo, na majina yanayofanana ni mengi mno. Na msipige picha bila ruhusa ya paroko.

Mjukuu_wa_Masoko
Ahsante sana, Katibu. Kwa Wamoravian nako taarifa kama hizo zinaandikwa?

Kyela_Kwetu
Nijibu mimi, maana ndiyo njia tuliyopita. Kwetu hakuna sheria kama hiyo ya Wakatoliki, kwa hiyo usitegemee kukuta ndoa ya Kitwe kwenye kitabu cha ubatizo. Lakini usikate tamaa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kazi ya kuandika washirika waliichukulia kwa uzito. Anza na ushirika mama, maana ushirika mnaosali leo unaweza kuwa ulizaliwa baada ya mzee kuondoka. Sisi tulikuta safu ya maelezo, na mbele ya jina la mzee wetu mchungaji ameandika kwa Kiswahili kwamba amehamia Mufulira. Neno moja tu, lakini tulikuwa tukimtafuta Kitwe.

Kama alizaliwa kabla ya 1926 hivi, jiandae kukuta mapengo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa 1916 wakati wa vita, kazi ikashikwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi ya leo, hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya ishirini. Herrnhut, makao ya Wamoravian kule Ujerumani, wana shajara na barua za vituo vya misheni. Ni hazina kweli, ila kwa mtu aliyeondoka miaka ya hamsini ni kuzunguka mbali.

Upande wa Zambia, kaulizie UCZ (United Church of Zambia). Kanisa hilo liliundwa 1965 kwa kuunganisha makanisa ya Kiprotestanti, na Waprotestanti wa migodini walikuwa wakisali pamoja tangu kabla ya hapo. Kama alizaa kule, ubatizo wa watoto wake nauona huko.

Dhahabu_ya_Chunya
Mimi natofautiana kidogo. Kanisa litakwambia alikuwa nani, lakini alikoishi na kazi aliyofanya vinajulikana kwa mwajiri. Ila kwanza tusichanganye. Waliochukuliwa na Wenela, shirika la kuajiri watu wa migodini, walikwenda Afrika Kusini kwa mkataba, na nyaraka za Wenela zilirithiwa na TEBA, shirika lililoifuata, sehemu kubwa ipo Chuo Kikuu cha Johannesburg. Waliokwenda Kopabelti wengi walijiendea wenyewe. Nyaraka za kampuni za migodi ile zinatunzwa na ZCCM-IH, kampuni ya migodi ya Zambia, pale Ndola. Andika barua kabla ya kusafiri.

Pia pekueni masanduku ya nyumbani. Kila mwanamume Mwafrika Rhodesia ya Kaskazini alitakiwa kuwa na chitupa, yaani cheti cha utambulisho, na mle kuna jina la chifu, wilaya na kijiji. Hapo ndipo utamtambua mtu wako, kwa sababu makarani waliandika jina walivyosikia. Mwakalinga anaweza kuwa Mwakaringa, Kalinga, au limebaki jina la ubatizo na la baba tu. Chifu na kijiji havidanganyi kirahisi.

Katibu_Parokia
Kweli, lakini bila tarehe za kanisani huko Ndola watakuletea nani? Kanisa kwanza, mgodi baadaye.

Chai_ya_Mufindi
Naomba nitetee sensa kidogo. Baba yake bibi yangu alikuwa mlowezi Mwingereza huku Mufindi. Kwa upande wake sensa ndiyo ilifungua mlango: ya Uingereza ya 1911 ilituonyesha nyumba nzima, wazazi, ndugu na kazi ya baba yake. Ya 1931 msiihangaikie, iliteketea kwa moto 1942. Watu hutumia daftari la usajili la 1939 badala yake. Jirani yetu mwenye babu Mjerumani alirudi kwenye vitabu vya kanisa kwenye tovuti: Archion kwa Waprotestanti, ambayo ni ya kulipia, na Matricula kwa Wakatoliki, ambayo ni bure. Kwa hiyo inategemea mtu alitoka nchi gani.

Mjukuu_wa_Masoko
Ndaga fijo (asanteni sana) wote. Jumatatu naenda kumwona mchungaji wa ushirika mama, na barua ya Ndola naiandika wiki hii. Mjomba nitamwambia TAZARA isubiri.

Kyela_Kwetu
Vizuri. Kabla ya Jumatatu kaa na mama, mrekodi majina ya ndugu wote wa babu, hata waliofariki wadogo. Mchungaji akikosa jina la mzee, atatafuta la wadogo zake, na wazazi wakilingana utajua mko ukurasa sahihi.