Mada ubaoni "ujumuishi", mwenye kiti mwendo eti ABEBWE!

Wana Mwanza, mnamjua. Yule mhadhiri wa kila kongamano, miwani juu ya paji.

Leo darasa la uzamili, anafundisha modeli ya kijamii ya ulemavu: kinachomlemaza mtu ni ngazi, si miguu yake. Mike Oliver kabisa, yule msomi Mwingereza wa ulemavu, 1983! Tuko ghorofa ya tatu, jengo halina lifti tangu Nuhu ashuke safinani. Mwenzetu wa kiti mwendo amekwama chini. Mhadhiri kuambiwa, hata hakugeuka: "Si abebwe? Vijana mpo."

Abebwe! Kama gunia la dagaa sokoni Mwaloni!

Na hao wabebaji hukimbilia kushika mikono ya kiti, ambayo kwenye viti vingi inachomoka, vikanyagio navyo vivyo hivyo. Hushikwa fremu. Kupanda, mgongo utangulie, mmoja nyuma kwenye vishikio, wengine mbele. Hata hapo mkiteleza mmekwisha wote. Na nani alimuuliza kama anataka kushikwashikwa? ABEBWE!

Chumba cha chini kipo, kimejaa viti vibovu. Mlangoni vidato viwili, sentimita 30. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 ni mita 3.6 za zege, basi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Abebwe, kweli?

Sangara_Mbichi: Mkuu, hiyo "abebwe" inatoka kwenye mtihani?

Jiwe_la_Bismarck: Ghorofa tatu tu povu hivi? Njoo Mabatini upande mawe na ndoo kichwani 😂

Binti_Igoma: Huyo huyo anatuma PDF za kuskani. Ile ni picha, kisoma-skrini, ile programu ya kumsomea asiyeona kwa sauti, hakioni herufi hata moja. Atume Word, au aipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi. Asiyeona naye abebwe?

Mikono_Miwili: Afadhali nyie. Viziwi wanapewa mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwa mhadhara wa saa tatu. Wanatakiwa wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30. Akili ikichoka, sentensi zinadondoka njiani, halafu mwanafunzi anaitwa mzito.

Sangara_Mbichi: Na wenye sura ya pili ya tasnifu iliyoozea kwa msimamizi tufungue uzi wapi?

Dagaa_Mkavu: Msubiri foleni. Makonda wa daladala za Buhongwa kwanza, wakiona kiti mwendo kituoni wanagonga bodi, twende!

Jiwe_la_Bismarck: Na chenji hawarudishi.

Binti_Igoma: Chenji! Usinikumbushe, jana mia tano yangu...

Mikono_Miwili: Uzi wa makonda upo jamani, shukeni chini.