Tupeane uzoefu: madoa meusi ya kuumwa na mbu na kunguni, uliyaondoaje?

Kikuna: Wakuu, leo nimevaa kaptula baada ya miezi mingi, mtoto wa dada akaniuliza, "Mjomba, umemwagikiwa na nini miguuni?" Kunguni nilishawamaliza, kitanda chenyewe nilikichoma moto, ila madoa yao bado yapo. Nani yamemtoka, na alifanyaje?

Bint Upepo: Nakazia. Mimi ni chui kuanzia magotini kushuka.

Tabibu wa Kichochoro: Acheni kujikuna. Weusi unaletwa na kucha kuliko mdudu.

Bint Upepo: Hujawahi kulala na kunguni wewe.

Mama Mapacha: Limau. Kata nusu, sugua, kaa nalo.

Ndimu Chungu: Mama Mapacha, futa hiyo tafadhali. Nilisugua limau miguu yote miwili asubuhi, nikatoka kufua, jua la utosi. Siku hiyo sikuhisi kitu. Kesho yake jioni miguu inawaka kama nimepakwa pilipili. Keshokutwa malengelenge, tena yamefuata njia ile ile maji ya limau yalikochuruzikia, mpaka kwenye kifundo. Shuka likinigusa nalia. Daktari hakuuliza mengi: "Ulipaka limau au ndimu?" Kumbe maji yake yakipigwa na jua yanaunguza ngozi. Niliingia na vidoa kumi na kitu, nikatoka na michirizi iliyokaa karibu mwaka. Nyumbani nikawa naitwa pundamilia.

Mama Mapacha: Pole mwaya. Ila mimi napaka usiku na sijaungua.

Ndimu Chungu: Hiyo ni bahati, siyo dawa.

Kikuna: Kwa hiyo jina lako ndiyo limetokea huko? 😂

Ndimu Chungu: Cheka tu.

Fundi Neti: Doa langu liko shingoni, niliachiwa na yule mdudu mwekundu na mweusi, mwembamba. Aliniuma usingizini.

Tabibu wa Kichochoro: Yule haumi. Ulimponda, maji yake ndiyo yamekuunguza. Siku nyingine mpulize aondoke, kisha osha kwa sabuni.

Fundi Neti: Shingo yangu au yako?

Msomaji Kimya: Mimi nilipewa kityubu cha betamethasoni, ile krimu kali ya steroidi, na rafiki. Madoa yalififia kweli, na ngozi ya pembeni nayo ikafifia, ikawa nyembamba kama karatasi. Nilipoacha, madoa yakarudi. Kilichonisaidia ni kukata kucha, kitambaa cha maji baridi kila nikiwashwa, na losheni ya kukinga jua, SPF 30, kila nikitoka. Baada ya miezi minane ndiyo nikavaa sketi fupi.

Mama Mapacha: Miezi minane! Limau wiki mbili tu.

Ndimu Chungu: 🙄

Kikuna: Yaani jibu ni suruali ndefu na subira?

Bint Upepo: Mbu kaniuma sasa hivi nikisoma huu uzi. Nimeshajikuna.