Naomba ushauri: Fiat Multipla kwa familia ya watu sita

Ndugu wanachama, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu Fiat Multipla iliyotumika, ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 2004, yaani ile yenye uvimbe chini ya kioo cha mbele ambayo wengi huicheka. Mimi sura yake hainisumbui. Kinachonivutia ni mpangilio wa viti, vitatu mbele na vitatu nyuma, katika gari lenye urefu usiofika mita 4, huku buti ikibaki na nafasi ya kutosha hata watu sita wakiwa wameketi. Magari mengi madogo yenye safu tatu hayaliwezi hilo, kwa kuwa safu ya mwisho huimeza buti karibu yote.

Nimeijaribu barabarani familia yote ikiwa ndani. Dereva anaona vizuri pande zote, ila upana wake, unaokaribia mita 1.9, ulinipa shida kwenye maegesho. Fundi ameikagua injini, ya dizeli ya lita 1.9, akaridhika nayo, lakini hakuna kumbukumbu inayoonyesha ni lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa.

Kwa waliowahi kuimiliki: je, kiti cha kati cha mbele kinamfaa mtu mzima katika safari ndefu? Na je, taa, vioo na vipuri vingine vya bodi bado vinapatikana, ilhali uzalishaji wake ulikoma mwaka 2010, au ni afadhali nitafute Honda FR-V, yenye mpangilio kama huo wa viti?