Ushauri: kufunga kisafisha hewa cha umeme kwenye mfumo wa joto na AC

Mgeni wa Ohio
Wakuu, habari zenu. Niko Columbus. Nyumba tuliyohamia ina tanuru la gesi chini, koili ya AC (mabomba yanayopoza hewa) juu yake, na feni moja inayosukuma hewa vyumba vyote. Mwanangu ana pumu. Fundi aliyekuja kukagua anataka kutufungia kisafisha hewa cha umeme kwenye bomba la hewa inayorudi. Anasema tutasahau habari ya kununua filta. Bei imenishtua. Kinasaidia kweli au ni biashara tu?

Fundi Kipupwe
Kinafanya kazi, tusimwonee mwenzangu. Ndani kuna nyaya nyembamba zenye umeme wa maelfu ya volti. Vumbi likipita linapata chaji, kisha linanaswa na sahani za chuma zilizo mbele. Viwanda vya saruji vinazuia vumbi la mabomba ya moshi kwa njia hiyohiyo. Tena hewa haibanwi. Ila hapo kwenye "mtasahau" kakudanganya. Sahani zikijaa uchafu, kinabaki pambo. Unazima umeme, unazitoa, unaziosha, zinakauka kabisa ndipo zinarudi. Kazi hiyo ni ya kila mwezi au kila baada ya miezi michache, kutegemea vumbi lenu.

Bi Mwana wa Toronto
Tunacho. Mwanzoni baba watoto aliosha kwa bidii, sasa tunategeana. Kikinasa kidudu kinalia ta-ta-ta, wageni wanashtuka.

Nesi Mstaafu
Mdogo wangu, kwa mtoto wa pumu anza kuuliza ozoni. Umeme huo huzalisha kidogo gesi iitwayo ozoni, nayo hukera njia ya hewa. California hairuhusu kuuza kifaa kinachozidisha sehemu 0.050 za ozoni kwa milioni za hewa. Hata kama uko Ohio, muulize fundi kama chake kimepitishwa kule. Akibabaika, achana nacho.

Mgeni wa Ohio
Asante dada. Sasa bila umeme nifanyeje?

Fundi Kipupwe
Boksi la filta nene, inchi 4 au 5, daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe). EPA, shirika la mazingira la Marekani, wanashauri daraja hilo, au la juu kabisa ambalo mfumo wako unalimudu. Filta nene ina mikunjo mingi, hewa inapita vizuri. Usichomeke MERV 13 ya inchi 1 kwenye nafasi ya zamani bila kupima: hewa ikibanwa, kiangazi koili inaganda barafu.

Na chochote utakachofunga, hewa inasafishwa feni ikizunguka tu. Siku za moshi, kama ule wa misitu ya Kanada wa 2023, iache feni izunguke muda wote, usingoje joto au baridi iiwashe.

Nesi Mstaafu
Samahani kwa swali la ndani: mnachoma udi?

Mgeni wa Ohio
Kila Ijumaa 😅 Mama mkwe yupo.

Nesi Mstaafu
Basi mtoto anauvuta moshi sebuleni kabla haujafika kwenye bomba. Hakuna mashine itakayouwahi. Mwombe mama kwa adabu achomee nje.

Mgeni wa Ohio
Hilo nitamtuma mume wangu, ni mama yake. Fundi nitamwomba bei ya boksi la filta nene.

Fundi Kipupwe
Sawa. Mwambie apime presha ya hewa kabla hajakata bati la bomba.