Mti wa ukoo wa mtandaoni ni chanzo au ni maneno ya watu tu?

Mjukuu wa Machame:
Wakuu habari za jioni, naomba tulijadili hili maana nyumbani limetugawa. Desemba tukipanda mlimani kwetu Kilimanjaro huwa tunakaa kikao cha ukoo, sasa safari hii tumekubaliana tuchape kitabu wazee wangali hai. Binamu yangu wa Arusha kaleta makaratasi kaprinti FamilySearch, ule mtandao wa kutafuta ukoo, vizazi sita, na chini ya kila jina kaandika "chanzo: FamilySearch" basi kamaliza. Nikachukua kalamu nyekundu. Babu wa babu eti kabatizwa na Walutheri Machame 1886! Jamani wamisionari wa Leipzig wamefika huku 1893, huyu alibatizwa na mvua?

Mi naona ule mti usiitwe chanzo. Ni mti mmoja wa watu wote, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kumbadilisha marehemu wenu tarehe usiku mmelala. Ila humohumo kuna picha za madaftari ya zamani, na picha ya ukurasa ni habari nyingine kabisa. Ukiitumia hiyo andika daftari la kanisa gani, mwaka, ukurasa, mstari wa ngapi, halafu ndo useme umeiona mtandao gani na tarehe gani.

Wa Njiro:
Mi ndo huyo binamu, acha nijitetee. Mbona shangazi akisema "alizaliwa mwaka wa nzige" mnaandika harakaharaka na hakuna anayemuuliza ukurasa? Nzige wamekuja mara ngapi? Halafu hiyo 1886 nimeikuta kwenye miti mingine kumi na moja ya mitandaoni, wote hao wamekosea?

Dada wa Kibosho:
Kaka hao kumi na moja wamenakiliana, huyo ni shahidi mmoja kapiga kelele mara kumi na moja 😅. Na sisi Wachaga tuna mtego wetu, mtoto wa kwanza wa kiume anarithi jina la babu mzaa baba, kwa hiyo jina linarudi kila baada ya kizazi. Mtu yuko mbali huko anaona majina mawili yamefanana anadhani ni mtu mmoja anawaunganisha, tarehe za babu zinahamia kwa mjukuu na mke mmoja anapotea hivihivi. Fungua historia ya mabadiliko ya hilo jina uone nani kaweka nini.

Mzee wa Soweto:
Wanangu, hata ukipata daftari lenyewe usikimbilie orodha ya majina iliyochapwa kutoka humo, fungua picha. Mwaka jana karani wa usharika mmoja alinifungulia daftari la Kijerumani, nikasoma jina la babu linaanza na R, nikakasirika nikijua wamekosea. Kumbe mwandiko wao wa zamani K na R zinafanana kama mapacha, nimekaa na lile daftari karibu saa nzima nalinganisha na K za majina mengine mpaka nikaridhika. Sasa aliyechapa orodha, hajui hata ukoo wetu unaitwaje, angejuaje? Na mkitafuta mtandaoni andikeni Madschame na Moschi kama walivyoandika wao, mkiandika Machame tu mengine hamtayaona. Chuo cha Southern California kimeweka mtandaoni picha walizopiga hao wamisionari wa Leipzig huku kwetu, nzuri sana, ila maelezo ya chini kaandika mmisionari, sio babu yako.

Wa Njiro:
Shikamoo mzee. Haya nimefungua hiyo historia. Aliyeanza aliandika "takriban 1886" sehemu ya kuzaliwa, mwingine kaja kaihamishia kwenye ubatizo, na "takriban" ikafia njiani. Nimeshika adabu, hiyo natoa.

Ila na nyie mkubali, kama mimi naandika ukurasa na mstari basi na simulizi ziandikwe hivyohivyo, nani kasema, lini, akiwa wapi, na yeye aliambiwa na nani.

Mjukuu wa Machame:
Hapo sina ubishi mangi, hata simu irekodi.

Wa Njiro:
Sawa. Sasa shangazi utamwendea wewe kumuuliza nani alimwambia, mi mbege yangu sitaki kunyimwa.