Wingu la masika lisilo na radi: unalijuaje mapema? Tupeane uzoefu

Mzee wa Maturubai (Temeke)

Wakuu, salaam. Mimi nakodisha maturubai na viti vya shughuli, na swali ninaloulizwa kuliko yote msimu huu halihusu bei. Ni hili: "Kaka, hili wingu litapita au ndiyo tumepatikana?" Likipita, tunafuta viti, MC anaendelea. Lisipopita, bibi harusi anahamishiwa sebuleni kwa shangazi na pilau linaliwa kwenye korido.

Wateja wanaogopa wingu lenye kimo, lile linalopanda juu na kunguruma. Mimi hilo silihofii sana. Linamwaga kwa fujo nusu saa, saa moja, limekwisha au limehamia kwa wenzetu Kisarawe. Linalovunja shughuli halina umbo. Ukitazama juu huoni wingu, unaona anga lote limekolea kijivu kutoka baharini mpaka Pugu, halina ukingo, huwezi kusema linaanzia hapa na kuishia pale. Jua huwezi hata kulionyesha kwa kidole. Halipigi radi. Linanyesha tu, mvua ya wastani isiyo na haraka, asubuhi hadi magharibi. Walimu wanaliita nimbostratasi, na lile la radi kumulonimbasi.

Wewe unalitambuaje kabla halijaanza kumwaga? Leteni ya kwenu, hasa mnaofanya kazi nje.

Fundi Zege

Mimi natumia kivuli. Siku ya kumwaga slabu huwezi kubahatisha, maana mvua ikipiga zege bichi inaosha saruji juu na unabaki na kokoto. Basi asubuhi nasimamisha koleo wima. Kwanza linakuja wingu jepesi la juu, kivuli bado kipo ila kingo zake zimefifia. Baadaye jua unaliona kama taa nyuma ya kioo cha bafuni, na kivuli kinafutika kabisa. Hapo bado halijanyesha, na vijana watakwambia "bosi, anga jeupe hili, tupige kazi". Mimi nasimamisha mashine. Wingu likiendelea kunenepa mpaka hata ule mwanga wa jua umepotea, mvua iko njiani na haitakuwa ya dakika kumi.

Boda wa Mbezi

Kipimo changu ni abiria. Wingu la radi likija wananikimbilia niwawahishe. Hili la kijivu wanakaa kwenye daladala wametulia, wanajua leo siku imeshaharibika 😂

Nahodha Mstaafu (Feri)

Mzee wa Maturubai, wewe uko nchi kavu ndiyo maana unalidharau la radi. Baharini lile ndilo linaloua. Kabla mvua haijakufikia unapigwa na upepo wa baridi unaoporomoka kutoka ndani ya wingu, ghafla, tena kutoka upande usioutarajia. Ukiwa na tanga juu umekwisha.

Hili bapa tabia yake ni nyingine. Halikupindui, linakuficha. Unaona kisiwa cha Mbudya, unaona cha Bongoyo, kisha unaona kijivu tu, mbingu na maji vimeshikana. Sisi zamani tulikuwa tunashika alama za nchi kavu: mnara, msikiti, mnazi mrefu. Alama zikipotea unaanza kusikiliza mawimbi yanavunjikia wapi. Vijana wa leo wana GPS kwenye simu, heri yao, mradi chaji ipo.

Na msichanganye na siku za kimbunga. Mei 2024 Hidaya ilipokuja, anga nalo lilikuwa la kijivu, lakini kulikuwa na upepo wa kusukuma watu na boti za Zanzibar zilisimamishwa. Siku kama hiyo hutazami wingu, unasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema nini.

Kijana wa Tabata

Napinga kidogo. Mmesema la kijivu halina radi. Mbona wiki iliyopita hapa kwetu lilitanda mchana kutwa, likanyesha hivyo hivyo polepole, na katikati yake radi ikapiga mpaka TV ya jirani ikaungua?

Ticha wa Jiografia

Kijana, uko sahihi na Mzee naye yuko sahihi. Nimbostratasi yenyewe haitoi radi. Hewa ndani yake inapanda taratibu juu ya eneo pana, ndiyo maana linakuwa tabaka. Kumulonimbasi hewa inapanda kwa kasi, na kwa ukanda wetu wa tropiki kichwa chake kinaweza kupita kilomita 15. Lakini yanaweza kukaa pamoja: la radi likajificha ndani ya lile tabaka, wewe uliye chini usilione. Ukisikia ngurumo kwenye anga la kijivu, ujue la radi limo. Toka kwenye mwembe, chomoa TV.

Tena kwetu hili bapa mara nyingi huzaliwa na lile la radi. Masika, kati ya Machi na Mei, ukanda wa mvua unapita juu yetu ukifuata jua kwenda kaskazini. Mawingu ya radi yanakusanyika kundi zima, yanamwaga kwa kishindo, kisha vichwa vyake vinatandaa na nyuma yake linabaki tabaka pana linalonyesha kwa saa nyingi. Kwa hiyo mteja akisema "afadhali kishindo kimepita", usikimbilie kupanga viti.

Lipo na la tatu linalowadanganya watu, stratasi. Nalo ni bapa na la kijivu, ila ni jembamba, liko chini sana, na linatoa manyunyu ya kulowesha kope tu. Likipungua kidogo unaliona duara la jua. Kwenye nimbostratasi hulioni.

Kuhusu koleo la Fundi, ni kipimo kizuri, ila mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la Dar linapita utosini. Saa sita na nusu mchana kivuli cha koleo kinakuwa kimejikunja chini yake hata kama anga ni jeupe. Pima asubuhi.

Mama wa Kigogo

Nyie mnaongelea harusi na slabu. Sisi wa bondeni hatutazami juu, tunatazama Pugu. Mto Msimbazi unatoka huko milimani. Kigogo panaweza kuwa pakavu kabisa huku juu kumetanda tangu usiku, na maji yakaja bila tone moja kutuangukia.

Desemba 2011 ndiyo iliyonifundisha. Ilisemwa haijawahi kunyesha namna ile Dar tangu 1954. Watu walikufa, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo mvua ya kelele haininyimi usingizi. Ya kimya, ya kunyesha mfululizo, udongo ukishashiba, hiyo naanza kupandisha godoro na vyeti vya watoto juu ya kabati.

Ticha wa Jiografia

Mama, umenena. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mamlaka huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Bati la mita za mraba 60 likipokea hizo 50, ni lita 3,000 kutoka nyumba moja. Sasa hesabu mabati kuanzia Pugu hadi Jangwani, na yote yanaelekea kwenu. Wakitangaza "tahadhari" badala ya "angalizo", hiyo ni ngazi iliyo juu ya angalizo, msisubiri kuona wingu.

Mzee wa Maturubai (Temeke)

Mama wa Kigogo, nimekuelewa. Mimi napoteza siku ya kazi, wewe unapoteza nyumba.

Mdau wa Kimara aliniandikia pembeni, naiweka hapa kwa kuwa nimeijaribu na inafanya kazi: chini ya lile tabaka tazama kama kuna vipande vya wingu vilivyochanika, vyeusi zaidi, vinavyokimbia na upepo wakati la juu limesimama. Ukiviona, hata kama bado hujalowa, mvua inayoanguka imeshalowesha hewa ya chini. Yeye kwa kuwa yuko mlimani anaviona karibu kabisa na paa.

Dada Mitumba (Tabata)

Sasa mimi niko Tabata, saa tisa alasiri hii. Kijivu, kivuli hamna, vipande vinakimbia. Nimeanika mzigo mzima wa mashuka. Nianue?

Fundi Zege

Kivuli kimepotea tangu saa ngapi?

Dada Mitumba (Tabata)

Tangu saa nne.

Fundi Zege

Dada, anua sasa hivi. Na mlango wa stoo usiache wazi, leo hutayatoa tena.