Tupeane uzoefu: mtoto wa mbwa kujisaidia nje, bila fimbo wala kelele

Papa wa Himbi
Ndugu zangu wa Goma, na wa Bukavu pia karibuni. Tuzungumze juu ya watoto wa mbwa tunaowalaza ndani wakingali wadogo. Mtaani dawa ya kwanza utakayoambiwa ni kumsukumia pua kwenye mkojo wake na kumchapa. Mimi nakataa kabisa. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo cha sasa na mkojo wa nusu saa iliyopita. Anachojifunza ni kwamba wewe ukiingia, maumivu yanakuja. Kesho atakojoa nyuma ya kabati, na hata ukimtoa nje atajibana mbele yako kwa woga.

Wa miezi 2 kibofu chake bado hakina nguvu ya kungoja. Kwa makadirio, ni kama saa moja kwa kila mwezi wa umri. Kwetu tunamtoa akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, kila mara kona ileile na neno lilelile. Akimaliza tu, palepale, anapewa sambaza mkavu mmoja (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu) na sifa nyingi. Msingoje mrudi ndani ndipo mmpe, maana atadhani analipwa kwa kuingia.

Leteni na yenu, hasa mnaoishi kwenye mawe.

Mama wa Ndosho
Asante Papa. Mimi ndiye huyo wa mawe. Kiwanja chetu ni mawe ya volkano matupu, makali, na mtoto wa mbwa ana nyayo laini. Alikuwa anasimama mlangoni, anatazama, anarudi kukojoa chini ya meza. Watu wakasema ana kichwa kigumu. Alikuwa anaumia!

Nikaletewa mfuko wa udongo, nikaumwaga nyuma ya jikoni penye kivuli, na juu yake nikaweka kile kitambaa nilichopangusia mkojo wake. Akanusa, akazunguka, akachuchumaa. Mbwa huifuata harufu yake mwenyewe, kwa hiyo kitambaa kilimwita kuliko mimi.

Harufu hiyohiyo ndiyo inayotusumbua sisi wa nyumba za mbao, kwa sababu mkojo unapenya katikati ya mbao. Mimi naosha kwa maji na sabuni, halafu siki iliyochanganywa na maji, naacha pakauke vizuri. Dawa za kusafishia zenye amonia muziache. Zinanukia kama mkojo, na mbwa atarudi palepale.

Kijana wa Bagira
Huku Bukavu shida ni mvua na matope. Wangu hakutaka kutoka. Nilisimama naye chini ya mwavuli, kimya, hadi akamaliza. Hakuna siri nyingine.

Mama Pacha, Mabanga
Na usiku je? Sisi, kwa usalama wetu, giza likiingia hatufungui mlango ovyo. Tuliweka beseni la udongo karibu na mlango, na maji ya kunywa tunayaondoa zikibaki kama saa 2 za kufika wakati wa kulala. Asubuhi anatoka papo hapo. Alipozoea beseni, tukalisogeza kibarazani, kisha uani, pole pole, ndipo tukaliondoa.

Kitu kingine: wetu alikuwa anakojoa kila Baba watoto akirudi kazini. Ile si kukosa adabu. Ni unyenyekevu wa mtoto mbele ya mkubwa. Baba watoto akaanza kumsalimia nje, amechuchumaa, bila kumkazia macho wala kumwinamia. Kadiri alivyojiamini, ikaisha.

Dada wa Katindo
Shikamooni. Jike wetu ni mkubwa, alishazoea nje tangu zamani. Sasa ghafla anakojoa ndani, kidogo kidogo, mara nyingi. Tumrudishe kwenye mafunzo?

Papa wa Himbi
Marahaba binti yangu. Hapana, mpelekeni kwa daktari wa mifugo kwanza, tena upesi. Mbwa aliyezoea akibadilika ghafla, mara nyingi ni ugonjwa, na maambukizo ya njia ya mkojo huwapata sana majike. Angalieni kama anajikakamua au kama kuna damu kwenye mkojo, mkamweleze daktari. Kwa sasa mtoeni mara nyingi, maji msimnyime, na waambieni watoto wa nyumbani wasimkaripie.

Na wenye wadogo ambao hawajamaliza chanjo: kona ya uani inatosha, msiwapeleke barabarani wanakopita mbwa wengine.